Waliobaki Kellmar

Siku Lum Pochop aliporudi Kellmar kuwa kocha wa chuo chetu, tulimpokea kama mtu aliyetoka vitani. Bendi ya shule ya sekondari ilipiga dansi za polka, wanafunzi wa chuo walitolewa madarasani, na Delores Hruska mwenye mgahawa alileta masinia ya kolachi, mikate yetu mitamu yenye jamu ya plamu katikati. Lum akashuka kwenye gari upande upande, maana nyonga yake ya kushoto ni ya chuma, akatutazama tulivyojipanga, akauliza, "Nani amekufa?"

Tulicheka sana. Ilikuwa Januari, theluji imefika magotini, na sisi tulikuwa na furaha kupita kiasi.

Mimi ni Gaylen Sysel, nalima mahindi na soya kaskazini mwa mji. Nilicheza mpira wa Kimarekani na Lum miaka yote minne tuliyokuwa Chuo cha Kellmar, bega kwa bega. Chuo chetu kilikuwa kidogo hata chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa chini ya kanisa, na tukipiga kelele kasisi aligonga sakafu kwa kisigino. Kazi yetu sisi wawili uwanjani ilikuwa kusimama mbele ya mwenzetu mwenye mpira na kuwazuia wanaume wazito kama ndama wasimfikie. Mzuiaji hashiki mpira. Anaweza kucheza miaka yote asiuguse. Anachopata ni vidole vilivyopinda na shingo nene, na mama yake pekee ndiye humtafuta kwenye picha ya timu.

Mimi nilipomaliza chuo nilirudi shambani kwa baba. Lum hakurudi. Alikwenda kufanya majaribio kwenye timu ya kulipwa, wakamfukuza. Akajaribu nyingine, wakamfukuza kabla hajaifua fulana waliyompa. Akavuka mpaka, akacheza misimu miwili Kanada, katika mji aliosema mbwa wa huko walivaa viatu kwa baridi. Ndipo timu moja kubwa ya mashariki, ambayo wazuiaji wake walikuwa wameumia karibu wote, ikampigia simu. Alikaa ligi kuu misimu minane. Kwa mtu aliyetoka chuo kama chetu, hilo halikuwahi kutokea na halikutokea tena.

Kila Jumapili Kellmar nzima ilikaa mbele ya televisheni kumtafuta. Kamera hufuata mpira, kwa hiyo tulimpata kwa vipande: kiwiko, mgongo, nusu ya namba.

"Yule pale."

"Siye. Yule ana shingo."

Basi ndivyo tulivyomtazama. Misimu hiyo ilimla magoti, nyonga na vidole viwili. Ndoa yake iliishia Arizona bila ugomvi, kama betri inavyoisha. Baadaye alikuwa kocha msaidizi huku na kule, na umri wake ulipozidi hamsini Dokta Ostergren, mama aliyekuwa mkuu wa chuo chetu, akampigia. Chuo kilikuwa kimepungua wanafunzi. Mama yule aliamini kwamba timu ikiwa na mtu kama Lum, vijana watakuja kutoka mbali, na vijana wakija madarasa yatajaa. Lum alikubali siku hiyohiyo. Aliniambia hakuna mahali pengine duniani palipowahi kumtaka kabla hajawa kitu.

Alinifanya msaidizi wake wa wazuiaji. Sikulipwa na sikutaka kulipwa.

Februari tulikwenda kusini kabisa mwa Texas kutafuta wachezaji, kwa gari la chuo, mimi nikiendesha, kwa sababu Lum akikaa sana mguu hufa ganzi. Huko tuliingia nyumbani kwa Elvira Cantú, mpishi wa shule ya msingi, mama wa kijana mmoja aitwaye Efraín. Yule kijana alikuwa mkubwa kama mlango, mpole, na miguu yake ilikuwa myepesi kuliko mwili wake. Lum alikuwa ameiangalia video yake mara nyingi mno.

Elvira alituwekea sahani za tamale, unga wa mahindi uliopikwa ndani ya maganda yake, akabaki amesimama.

"Huko kwenu kuna nini?"

"Mahindi, mama," Lum akasema.

"Na nini kingine?"

"Mahindi ya jirani."

Efraín akacheka. Mama yake hakucheka. "Baridi?"

"Baridi ipo, sikufichi. Asubuhi pua inaganda. Lakini koti nitamtafutia mimi."

"Mimi sina haja na mpira, bwana Pochop. Baba yake alipenda mpira. Mimi nataka huyu awe wa kwanza katika nyumba hii kuvaa joho. Kama ni mpira tu, kuna uwanja hapo nyuma ya kanisa."

Lum akaweka uma chini. "Mimi nilikuwa wa kwanza kwetu, mama. Babu yangu alisaini kwa msalaba. Kijana wako atavaa joho Kellmar, na siku hiyo wewe utakaa kiti cha mbele."

Alisema hivyo kwa sababu aliamini. Nilikuwa nimekaa pale pale, na mimi pia niliamini. Tulipita nyumba nyingi majira yale, Texas, Oklahoma, hadi Florida, na kila sebule Lum alisema maneno kama hayo.

Agosti vijana wakafika, wengi kuliko miaka mingi iliyopita. Efraín alikuwa mwaka wa kwanza, na mbele yake kulikuwa na wakubwa wawili katika nafasi yake. Aliyekuwa wa kwanza ni Brock Vondra, mtoto wa hapa hapa, wa mwaka wa nne. Brock alimwita Friji.

"Friji, leta maji."

"Maji ya baridi au ya kawaida?" Efraín alijibu, na uwanja mzima ukacheka, na Brock akaanza kumpenda tangu hapo. Siku za mechi Efraín alikaa kwenye benchi amevaa kila kitu, anatafuna mbegu za alizeti, anawashangilia wenzake mpaka sauti inakauka. Hakuwa na haraka. Lum alikuwa amemwambia atacheza mwaka unaofuata, akishajifunza.

Tulishinda mechi ya kwanza na ya tatu.

Wiki iliyofuata nilikuwa shambani kwenye mashine ya kuvunia nikaona pikapu ya Lum inakuja juu ya mabua. Nikasimamisha, nikashuka, maana yeye ngazi zile haziwezi. Alikuwa ameegemea boneti, amevua kofia.

"Chuo kinafungwa," akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya kwa sababu ya mashine. Nikapanda tena, nikazima, nikashuka.

"Desemba," akasema. "Ostergren ameniita leo mchana. Benki imekataa kuongeza muda wa deni. Bodi imeshapiga kura. Watatangaza katikati ya Novemba."

"Na wewe ameshakuambia?"

"Alisema hawezi kunitazama usoni kila siku akiwa ananificha. Ameniomba nisiseme."

Kisha akanieleza sababu, na sikuona kosa ndani yake. Kulikuwa na wasichana wa uuguzi ambao wangemaliza Desemba. Kulikuwa na wanafunzi wa ualimu wa mwaka wa mwisho. Habari ikitoka sasa wanafunzi wangeanza kuondoka, wakiondoka benki ingefunga mlango mara moja, na wale waliobakiza hatua moja wangebaki bila cheti.

"Basi kaa kimya," nikasema. "Ni wiki chache tu."

"Na wangu?"

"Wako watatafutiwa pa kwenda."

"Novemba? Gaylen, wewe unajua nafasi zinavyojaa. Kocha akiambiwa sasa anaweza kumwekea kijana nafasi ya Januari. Akiambiwa karibu na Krismasi anakuambia pole." Aliipindapinda kofia mikononi. "Mimi niliingia kwenye sebule za watu. Nilikula chakula chao."

"Wale wasichana nao wana mama zao."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kwako. Nilitaka uniambie kitu ambacho sijakifikiria."

Tulisimama pale hadi upepo ukatuchosha, kisha akaondoka.

Kesho yake, kabla ya mazoezi, aliwakusanya vijana chini ya kanisa akawaambia yote, polepole, bila kuzungusha. Aliwaambia atampigia simu kila kocha anayemjua, na kwamba yeyote atakayetaka kuondoka leo, aondoke bila kuona haya. Mwisho Brock akauliza, "Kwa hiyo leo tunafanya mazoezi au hatufanyi?"

"Tunafanya."

"Nilikuwa nauliza tu," Brock akasema, akaanza kufunga kamba za viatu vyake.

Saa ya chakula haikufika kabla habari haijazunguka mji. Jioni ile wazazi walikuwa wanapiga simu chuoni. Wiki haikuisha, magari yakaanza kupakia magodoro. Brock alipata chuo Kansas kilichokuwa kinahitaji mzuiaji, akaenda, na Lum mwenyewe ndiye aliyempakia mizigo. Yule wa pili wake akaenda naye. Wengi walipata mahali, na ninasema hivi kwa haki: Lum alikaa kwenye simu mpaka sikio likavimba, na vijana wengi wana maisha leo kwa sababu ya simu zile.

Lakini si hao tu walioondoka. Wa muziki waliondoka, wa ualimu waliondoka. Mjukuu wa Delores alikuwa miongoni mwa wale wasichana wa uuguzi. Asubuhi moja tuliingia mgahawani, Delores akammiminia Lum kahawa kama kawaida, ila hakumwita mpenzi, na hakuna mtu Kellmar ambaye Delores hamwiti mpenzi.

"Delores," Lum akasema.

"Kunywa kahawa yako."

"Sikutaka iwe hivi."

"Sijasema ulitaka." Alipangusa meza ambayo ilikuwa safi. "Chuo kile babu zetu walikijenga kwa mikono. Kilikuwa na miezi mitatu ya kuishi. Wewe ukaona hiyo ni mingi."

Dokta Ostergren hakumfukuza. Alikuja uwanjani siku moja amevaa viatu vya ofisini, akasimama kwenye nyasi zilizolowa. "Nilikuomba kitu kimoja tu, Lum," akasema. Lum akasema anajua. Mama yule akageuka, akarudi ofisini kwake.

Vijana waliobaki hawakutosha hata nusu ya timu. Lum alitaka kuisimamisha, mechi zilizobaki zifutwe. Aliwaambia hivyo, na ndipo Efraín, ambaye hakuwa na kawaida ya kusema kwenye mkutano, akanyoosha mkono kama yuko darasani.

"Kocha, yule wa Minnesota amesema nini?"

Kulikuwa na kocha mmoja wa Minnesota, chuo kidogo kama chetu lakini chenye afya. Lum alikuwa amemsihi amchukue Efraín.

"Amesema anataka kukuona ukicheza. Video za sekondari hazimtoshi."

"Na mimi sijacheza hata dakika moja huku."

"Hujacheza."

"Sasa tukiacha, nitamtumia video gani? Ya mimi nakula alizeti?"

Wenzake wakacheka kidogo. Wengine nao wakasema wako vivyo hivyo, hawana pa kwenda, hawana cha kuonyesha. Lum alinitazama. Mimi niliinua mabega. Ningefanya nini? Walikuwa wanasema kweli.

Basi tukacheza. Kwa uchache ule kijana mmoja alilazimika kucheza pande zote mbili: timu yetu ikiwa na mpira anazuia, wapinzani wakiwa nao anawakaba na kuwaangusha. Ligi kuu haifanyi hivyo, na hata vyuo vidogo viliacha zamani, kwa sababu mwili una kikomo. Mechi ya kwanza baada ya wenzao kuondoka tulifungwa vibaya, lakini Efraín alicheza vizuri ajabu. Lum alimtumia yule wa Minnesota video. Jibu likaja: mzuri, nitumie nyingine moja, nataka kuona kama ana pumzi hadi mwisho.

Nyingine hiyo tulicheza nyumbani, dhidi ya chuo kimoja cha Iowa. Siku ilikuwa ya jua, upepo mkali, watu wachache kwenye ngazi za watazamaji. Mji haukuja. Efraín hakutoka uwanjani tangu mwanzo. Robo ya tatu ya mchezo nilimwona ameshika magoti, mvuke unamtoka kichwani.

"Lum, mtoe," nikasema.

Lum akamwita. "Friji, njoo ukae."

"Niko sawa, kocha."

"Njoo ukae."

"Alitaka kuona pumzi," Efraín akasema. "Niache dakika hizi zilizobaki. Tafadhali."

Lum akamwacha. Nilikuwa karibu nao, na ningekuwa mimi, ningemwacha pia. Mtoto alikuwa anacheza vizuri kuliko mtu yeyote uwanjani.

Mtu aliyechoka huinamisha kichwa. Ni kitu cha kwanza tunachowakataza: ukimkaba mtu inua uso, mtazame, usimwendee kwa utosi. Lakini shingo ikichoka kichwa huenda chini chenyewe. Mbeba mpira wao alikata kona, Efraín akamfikia, na akampiga kwa utosi wa kofia ngumu aliyovaa mwenyewe. Hakikuwa kishindo kikubwa. Yule mwingine aliinuka, akapangusa nyasi. Efraín alidondoka kama nguo iliyochomoka kwenye kamba, akalala jinsi alivyodondoka.

Sikuwahi kumwona Lum akikimbia tangu arudi. Siku ile alikimbia, kwa namna yake, akichechemea hadi katikati ya uwanja, akapiga magoti yale mabovu.

"Usijitikise, mwanangu. Usijaribu kuinuka."

"Kocha, nimelalia mikono yangu?"

"Hapana."

"Iko wapi?"

"Hii hapa. Nimeishika yote miwili."

"Sijui kama umeishika," akasema.

Helikopta ilitua uwanjani. Ilimchukua hadi hospitali kubwa ya Omaha, na sisi tukafuata kwa barabara. Karibu na mji Lum akaanza kuongea kama anayesoma.

"Ningefunga mdomo, Brock angekuwepo. Yule wa pili angekuwepo. Efraín angekuwa kwenye benchi."

"Usianze," nikasema.

"Sianzi. Nimeshamaliza. Nimeipitia kila upande. Ningesema uongo, leo anatembea."

Nilitaka kumjibu kwamba ukweli haukuvunja shingo ya mtu. Lakini nilikuwa naendesha, na nilikuwa nimeipitia mimi pia, na nilikuwa nimefika palepale.

Elvira alifika siku ya pili yake na dada yake, amevaa viatu vya wazi kwenye baridi ile. Lum alikuwa bado kwenye ukumbi wa hospitali, na nguo zilezile za mechi. Alisimama. Elvira alimtazama juu mpaka chini.

"Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mama."

"Alilia?"

"Hakulia. Aliuliza mikono yake iko wapi."

Akaketi. Dada yake akamshika bega, Elvira akautoa mkono ule bila hasira. Kisha akauliza, "Chuo si mlisema kinafungwa? Sasa alikuwa anacheza nini?"

"Alikuwa anatafuta chuo kingine. Kuna kocha alitaka kumwona."

"Ili asome."

"Ndiyo, mama. Ili asome."

"Ni mimi niliyesema joho," Elvira akasema. Lum alipoanza kuomba radhi Elvira alinyanyua kiganja, akamnyamazisha, akamwonyesha kiti cha mbali.

Yule kocha wa Minnesota aliniambia baadaye kwamba alikuwa ameshaamua kumchukua kwa video ya kwanza. Ile ya pili aliiomba kwa mazoea tu. Sijawahi kumwambia Lum hilo, na simwambii.

Chuo kilifungwa mwisho wa Oktoba. Wasichana wachache wa uuguzi walipokelewa chuo kingine, wakaambiwa warudie mwaka. Mjukuu wa Delores hakurudia. Anafanya kazi dukani Norfolk. Dokta Ostergren alihama. Majengo yakauzwa na kanisa likabomolewa kwa ajili ya matofali yake.

Masika Lum alifunga virago akaenda Texas. Hakuna aliyemwita. Alipanga chumba nyuma ya karakana ya matairi, karibu na kwa Elvira, akaenda kugonga mlango. Elvira hakutaka kumfungulia. Lakini Efraín alikuwa mzito, kugeuzwa kitandani kunataka nguvu, na mama mwenyewe alikuwa amejitegua mgongo. Siku ya tatu akamfungulia.

"Unaweza kumnyanyua?"

"Naweza."

"Basi ingia. Usizungumze."

Ikawa ndiyo kazi yake. Asubuhi anamtoa kitandani, anamweka kwenye kiti cha magurudumu, mchana anamgeuza, jioni anamrudisha. Alikuwa akinipigia simu Jumapili, na mwanzoni nilisikia Efraín akitania nyuma yake. "Mwambie Gaylen kwamba mzuiaji wake ananuka matairi." Nilicheka, nikamwuliza Lum habari za chakula, akasema kijana anakula kama kuku. Kisha miezi ikapita na utani ukawa mchache. Siku moja, Lum aliniambia, Efraín alimwuliza, "Kule ligi kuu, wewe uliwahi kumvunja mtu?"

"Sijui," Lum akamjibu. "Tulikuwa hatutazami nyuma."

Efraín akageuza macho ukutani, kwa kuwa ndiyo aliyoweza kugeuza.

Kiangazi kile Lum alikuwa anamtoa kitandani, nyonga ya chuma ikachomoka. Alianguka chini naye. Alijitahidi kumkinga, akajiweka chini yake, lakini mguu mmoja wa Efraín ulibaki umepinda kwenye chuma cha kitanda na mfupa ukavunjika. Efraín hakusikia maumivu yoyote. Alikuwa amelala juu ya kifua cha Lum, anautazama mguu wake, na alichosema ni, "Huo ni wangu?"

Elvira ndiye aliyewakuta. Lum alipotoka hospitali na fimbo, alimkuta anamsubiri nje ya kile chumba cha karakana, begi lake limeshafungwa.

"Rudi kwenu, kocha," akamwambia. Ndiyo mara ya kwanza kumwita hivyo. "Sikufukuzi kwa hasira. Sina hasira tena, imeisha. Sasa hivi nina wawili wa kuwanyanyua, na mimi ni mmoja."

Nilikwenda kumchukua mimi. Hakutazama nje ya dirisha hadi tulipovuka Oklahoma.

Anaishi kwangu, chumba kilichokuwa cha binti yetu. Wakati wa mavuno anaendesha lori la nafaka, kazi ambayo haihitaji kupanda sana. Mjini haendi. Mara moja Delores alileta supu, akaiacha barazani, akaondoka kabla hatujafungua mlango, na Lum aliila akasema ina chumvi. Jumapili televisheni haiwashwi nyumbani kwangu. Mke wangu aliamua hivyo na hakuna aliyemwuliza.

Alikuwa bado anampigia Efraín kila wiki. Mara nyingi alipokea Elvira, anasema amelala. Vuli iliyopita tulikuwa kwenye banda tunabadilisha mkanda wa mashine, simu ya Lum ikaita. Alisikiliza muda mrefu. Alisema "ndiyo, mama" mara kadhaa, akaiweka simu mfukoni, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Elvira amempeleka Efraín kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa, San Antonio," akasema. "Mgongo wa mama mwenyewe umekataa kabisa."

"Labda kuna wauguzi wazuri huko."

"Labda." Akajikuna vidole vilivyopinda. "Amesema Efraín hataki kuongea na mtu yeyote wa mpira. Ameomba nisipige tena."

"Ni Efraín aliyesema, au mama yake?"

"Nimeuliza. Amesema alikuwa amemshikia simu sikioni ili aniambie mwenyewe, akakataa kufungua mdomo."

Nilimwuliza atafanyaje. Akasema atafanya alivyoombwa. Mvua ilikuwa inakuja kutoka magharibi, na soya nyingi zilikuwa bado shambani, kwa hiyo tulimaliza kufunga ule mkanda. Yeye alishika tochi, mimi nikakaza boliti, tukatoka.

Ni mwaka sasa. Hajapiga.